Khalid bin Barghash: sultani wa siku mbili aliyepigwa mizinga Unguja

Tuanze kwa kujisahihisha. Katika kipindi chetu cha historia cha Jumapili iliyopita tulisema hewani kwamba Khalid bin Barghash, yule sultani wa Zanzibar aliyepigwa mizinga na Waingereza mwaka 1896, alifia kisiwa cha Saint Helena, kulekule alikofia Napoleon wa Ufaransa. Si kweli. Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Maswa alitupigia hata kabla kipindi hakijaisha, akatuambia tumepotosha watoto wa shule. Saint Helena Khalid alifika, tena akiwa mfungwa, lakini kifo kilimkuta Mombasa. Tumeangalia upya, na mwalimu yuko sahihi. Tunaomba radhi.

Baada ya hapo meseji zikamiminika, kutoka Kahama, Kishapu, Geita na Runzewe, na nyingi ziliuliza jambo moja. Huyu mtu alikosa nini hasa? Baba yake alikuwa sultani. Sultani aliyekuwepo kafariki, yeye kaingia kwenye kiti. Sasa mizinga ya nini?

Swali ni zuri, na jibu lake halitoshi kwenye dakika zetu za hewani. Ndiyo maana tunaliandika hapa, ulisome kwa nafasi yako, hata ukiwa machungani au unasubiri zamu kwenye duara.

Mtoto wa Barghash

Khalid alizaliwa Unguja mwezi Februari 1874. Baba yake, Sayyid Barghash bin Said, alikuwa sultani tangu 1870. Huyu ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la pale Forodhani, mwaka 1883, na ndiye aliyewaletea watu wa mjini maji ya bomba kutoka chemchemi. Mtoto huyo alikulia kwenye nyumba iliyokuwa na mali na sauti.

Mali yenyewe ilitoka wapi? Hapo ndipo sisi watu wa bara tunapoingia. Sehemu ilitoka kwenye karafuu za Unguja na Pemba. Sehemu nyingine ilitembea kwa miguu kutoka huku kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu mabegani, kupitia Tabora, mwendo wa miezi, mpaka Bagamoyo, na kutoka hapo pembe zikavushwa kwa jahazi hadi Unguja. Walirudi na merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Wapo waliokwenda kwa hiari yao wakarudi na mtaji wa ng'ombe. Wapo pia waliopelekwa wamefungwa, na hao hawakurudi. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha Barghash kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, naye akasaini, lakini kwenye mashamba ya karafuu watumwa waliendelea kulima kwa miaka mingine mingi. Tunalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani tunamsimulia malaika.

Kuna jambo jingine la kuweka akilini kuhusu baba yake Khalid. Barghash mwenyewe aliwahi kujaribu kuchukua kiti kwa nguvu. Ilikuwa 1859, kiti kikiwa cha kaka yake Majid. Dada yao Salme, binti mdogo tu, alimsaidia kwa kumwandikia barua za siri kwa sababu alikuwa anajua kuandika. Mpango ukashindwa pale Waingereza walipoingia upande wa Majid, na Barghash akapelekwa Bombay, India, akakaa miaka miwili. Alikuja kupata kiti kwa amani miaka 11 baadaye, Majid alipofariki. Kwa hiyo katika ukoo ule, mtu kujaribu kiti na kufukuzwa haikuwa aibu ya kudumu. Ilikuwa kama kushindwa mechi ya kwanza. Sisi tunaamini Khalid alikua akiisikia habari hiyo nyumbani kwao.

Lakini dunia ilikuwa inabadilika haraka. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Karl Peters alipita maeneo ya Usagara na Ukami akiwawekea watemi na majumbe mikataba ya kutia alama. Barghash akalalamika kwamba nchi hizo ziko chini yake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja kutia nanga mbele ya kasri lake, na malalamiko yakaisha. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikaa wakapima: sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, yaani kama kilomita 16. Vingine vyote wakagawana. Shinyanga, Geita, Mwanza, Tabora, zote zikahesabiwa upande wa Mjerumani, na hakuna mtemi wa huku aliyeitwa kwenye kikao hicho.

Barghash alifariki Machi 1888. Khalid alikuwa na miaka 14.

Karatasi ya 1890

Sasa tunafika kwenye jibu la swali lenu.

Baada ya Barghash, kiti kilikwenda kwa ndugu yake Khalifa, na Khalifa alipofariki kikaenda kwa ndugu mwingine, Ali bin Said. Mwezi Juni 1890 Ali alikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo Uingereza na Ujerumani zikasaini mkataba wao: Mjerumani akapewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko karibu na kwao, na kwa upande wake akakubali kwamba Zanzibar ni ya Mwingereza. Ule ukanda wa pwani ya Tanganyika, ambao ulikuwa bado wa sultani kwa jina, Mjerumani akaununua kwa marki milioni 4.

Neno himaya linasikika vizuri. Mtu akikuhami, amekukinga. Lakini ndani ya makubaliano yale mlikuwa na kipengele kifupi: kuanzia sasa, hakuna atakayekuwa sultani wa Zanzibar bila Waingereza kukubali. Hicho tu. Hakikuondoa bendera nyekundu ya sultani, hakikuondoa kasri, hakikuondoa hata askari wake. Kiliondoa kitu kimoja, nacho ndicho kilichokuwa na uzito.

Mwaka 1891 likafuata jingine. Waingereza waliunda serikali yenye waziri mkuu wao, Lloyd Mathews, mwanamaji Mwingereza aliyekuwa amelifundisha jeshi la Barghash tangu miaka ya 1870. Mapato ya nchi yakawa yanapita mikononi mwa serikali hiyo, na sultani akawa analipwa fungu lake la matumizi. Fikiria mwenye nyumba anayepewa pesa ya sabuni na mpangaji wake.

Kwa wasikilizaji wa Usukumani mfano si wa mbali. Zamani mtemi alipofariki, wanang'oma ndio waliokaa, wakatazama ukoo, wakachagua. Walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, wanang'oma waliendelea kukaa na kuchagua kama kawaida, ila chaguo lao likawa halijakamilika mpaka ofisi ya wilaya iridhie. Ngoma zilipigwa, ng'ombe walichinjwa, na watu wengi hawakuona tofauti. Tofauti ilionekana siku ambayo wanang'oma walimtaka mmoja na Bwana Shauri akamtaka mwingine.

Kwa Zanzibar siku hiyo ilikuja mara mbili, na mara zote mbili mtu aliyekuwa katikati alikuwa Khalid.

Jaribio la kwanza

Sultani Ali alifariki Machi 1893. Khalid, kijana wa miaka 19, akaingia kasrini. Kwa mila za ukoo wao hakuwa amefanya la ajabu, maana hawakuwa na sheria ya kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi. Kiti kilikwenda kwa aliyekuwa na nguvu na kukubalika na wakubwa wa ukoo, naye alikuwa mwana wa Barghash mkubwa. Waingereza wakazunguka kasri, wakamwambia atoke. Akatoka. Wakamweka Hamad bin Thuwaini, binamu yake, mtu waliyemwona mtulivu zaidi. Hakuna aliyekufa, na ndiyo maana jaribio hilo halisimuliwi sana.

Januari ya mwaka huohuo, kwa kuwa tuko kwenye habari za wenye viti, Wajerumani walivunja boma la mtemi Isike wa Unyanyembe pale Tabora, na Isike akajilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Mambo ya pwani na ya bara yalikuwa yanakwenda pamoja kuliko tunavyofundishwa.

Agosti 1896

Hamad alitawala miaka 3 na miezi kadhaa. Tarehe 25 Agosti 1896, kabla ya adhuhuri, akafariki ghafla. Uvumi ukaenea palepale kwamba amelishwa sumu na kwamba Khalid anahusika. Haukuthibitishwa wakati ule wala baadaye, na sisi hatutauthibitisha hapa. Kilicho wazi ni kwamba Khalid, sasa ana miaka 22, aliingia kasrini saa chache baadaye, na safari hii hakwenda peke yake.

Mathews pamoja na Basil Cave, aliyekuwa anakaimu nafasi ya balozi mdogo wa Uingereza, walimwonya atoke. Alasiri hiyo marehemu akazikwa, bendera nyekundu ikapandishwa, mizinga ya kasri ikapigwa saluti, na Khalid akatangazwa sultani. Cave aliwaandikia mabalozi wadogo wa nchi nyingine wasimtambue. Kisha akapiga telegramu London kuuliza kama anaruhusiwa kutumia manowari. Jibu lilikuja kwamba aruhusiwe, ila asianze jambo ambalo hana uhakika wa kulimaliza.

Kasrini walikusanyika watu wapatao 2,800. Ukisikia idadi hiyo usidhani lilikuwa jeshi. Walikuwepo askari wa sultani kiasi cha 700, lakini wengi walikuwa raia wa mjini waliopewa bunduki, na mamia wengine ni watumishi na watumwa wa nyumba ile. Walikuwa na mizinga michache, mingine ya shaba nyeusi ya zamani za mababu, na miwili ya kisasa ambayo Mfalme wa Ujerumani aliitoa zawadi kwa sultani. Baharini walikuwa na meli moja, Glasgow, ya mbao, iliyokuwa ikitumika zaidi kwa fahari.

Upande wa pili, bandarini, zilijipanga manowari tano za Uingereza. Ya mwisho kufika ilikuwa St George, tarehe 26, ikiwa na Admirali Harry Rawson. Siku hiyo Khalid akapewa muda: kesho saa 3 asubuhi bendera iwe imeshuka, watu wameweka silaha chini na kasri limeachwa wazi, la sivyo watapigwa.

Usiku ule mji ulikuwa kimya kuliko kawaida. Wanawake na watoto wa Kizungu walishapelekwa melini. Wenyeji hawakuwa na meli ya kwenda.

Asubuhi ya tarehe 27, saa 2, Khalid alituma mjumbe kutaka mazungumzo. Akajibiwa kwamba hakuna cha kuzungumza nje ya masharti aliyopewa. Nusu saa baadaye akatuma tena, kwamba hatashusha bendera, na kwamba haamini Waingereza watampiga. Hapo ndipo tunapoona kosa lake la hesabu. Baba yake aliwahi kupelekewa manowari za Wajerumani mbele ya nyumba na hazikufyatua, maana Barghash alikubali kabla. Yeye mwenyewe 1893 alizungukwa na askari na hakuna risasi iliyolia, maana alitoka. Manowari alikuwa amezoea kuziona kama vitisho.

Saa 3 na dakika 2 zikafyatua.

Kasri lilijengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa, na ndani yake walikuwemo watu wale 2,800. Makombora yalipasua nyumba, moto ukashika, mizinga ya Khalid ikanyamazishwa mwanzoni kabisa. Glasgow ilijaribu kujibu, ikatobolewa ikazama palepale bandarini, na milingoti yake ikaendelea kuchungulia juu ya maji kwa miaka mingi. Kama saa 3 na dakika 40 bendera ya kasri ikaangushwa na kombora, na mizinga ikanyamaza. Ndizo zile dakika 38 wanazosema watu, ingawa wengine huhesabu zaidi ya 40.

Kwa upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Kwa upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, na akapona. Vitabu vinataja jina la kila manowari iliyofyatua. Wale 500 wanatajwa kwa namba, na wengi wao walikuwa watu ambao hawakuchagua kuwa mle ndani. Mtumwa akiambiwa na bwana wake abaki, anabaki.

Khalid hakuwa miongoni mwao. Wapo wanaosema alikimbia mara baada ya makombora ya mwanzo, wapo wanaosema alikaa zaidi kidogo. Vyovyote vile, alipita njia za Mji Mkongwe akiwa na watu wake wa karibu, akaingia nyumba ya balozi mdogo wa Ujerumani. Mchana huohuo Waingereza wakamweka Hamoud bin Mohammed kuwa sultani. Waliomuunga mkono Khalid wakatozwa fidia ya rupia 300,000, ndani yake ikiwemo gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Tuliposoma hilo studio tulirudia mara mbili tukidhani tumesoma vibaya.

Mwezi Aprili 1897 Hamoud, kwa shinikizo la Waingereza waliomweka, alisaini amri ya kufuta hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Ni jambo jema lililoletwa na mkono uleule uliovunja kasri. Msikilizaji mmoja alitaka tumwambie nani alikuwa mwema kati ya pande mbili. Tumekaa na swali lake wiki nzima, na tunaloweza kusema ni kwamba Khalid alitetea haki ya nchi kujichagulia mtawala, lakini katika nchi hiyo waliohesabiwa kuwa na haki ya kuchagua walikuwa wachache sana.

Mgeni wa Mjerumani

Waingereza waliweka askari nje ya nyumba ile ya ubalozi, wakingoja mguu wa Khalid ukanyage barabara tu wamkamate. Wajerumani walikataa kumtoa kwa kuwa mkataba wao wa kubadilishana wahalifu haukuhusu wafungwa wa siasa. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa sana. Mtumbwi wa manowari ya Kijerumani ukaja mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi lililoelekea baharini, Khalid akapanda kutoka uwanja wa Mjerumani moja kwa moja, na udongo wa Zanzibar hakuugusa. Akapelekwa Dar es Salaam.

Huko alikaa kwa karibu miaka 20. Hapa simulizi nyingi huruka haraka, nasi tunaona haifai. Mtu aliyepigwa na mkoloni mmoja alikuwa anatunzwa na mkoloni mwingine, na wala si kwa upendo: ilikuwa vizuri kwa Mjerumani kuwa na mwana wa Barghash mfukoni, huenda siku moja akafaa. Khalid alikuwa Dar es Salaam Mjerumani alipoizima Maji Maji kati ya 1905 na 1907 kwa risasi na njaa, na makumi ya maelfu ya watu wa kusini wakafa. Alikuwa mgeni kwenye meza ya serikali hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ikaondoa meza yenyewe. Septemba 1916 Waingereza walichukua Dar es Salaam, na mwezi huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, vita ikiwa imewapitia pia watu wa kanda hii, waliokamatwa kubeba mizigo ya pande zote. Mwaka 1917 Khalid akaangukia mikononi mwa Waingereza, miaka 20 na zaidi tangu walipomkosa.

Wakampeleka visiwani. Ilikuwa desturi yao kwa watawala waliowasumbua. Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye mwaka 1897 alikimbilia upande wa Wajerumani wakamzuia pale Mwanza kabla hajatoroka, alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa Shelisheli na akafia huko mwaka 1903. Omukama Kabalega wa Bunyoro alikaa Shelisheli zaidi ya miaka 20. Prempeh wa Waasante, kutoka Ghana ya leo, naye alikuwepo. Khalid akapitishwa Saint Helena na Shelisheli, na hapo ndipo ulimi wetu ulipoteleza Jumapili.

Mwishowe walimruhusu arudi Afrika Mashariki, na akakaa Mombasa. Alifariki huko mwaka 1927, akiwa na miaka 53.

Mwalimu wetu wa Maswa alipopiga simu mara ya pili alituongezea jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Pwani ya Kenya wakati ule, Mombasa ikiwemo, bado ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar kwa jina. Waingereza waliitawala kwa kumlipa kodi ya pango, na kama ishara ya hilo bendera nyekundu ya sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Khalid alimaliza siku zake akiiona kila alipotazama upande wa bahari, ileile aliyokataa kuishusha. Ilikaa pale mpaka Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru.